Nyuzi Mpya za Baba

Kila nilipompigia baba simu mwaka jana aliniambia neno lile lile: nyuzi zimechoka. Mimi nilikuwa nimepiga kuulizia mkono. Mkono wake wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi kwenye shingo ya gitaa, ulilegea baada ya kiharusi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema vidole vinaweza kurudi, au visirudi. Baba hakuzungumzia vidole.

"Ningepiga hata leo," alisema. "Ila nyuzi zimechoka."

Naishi Uyole, chumba cha kupanga nyuma ya stoo za viazi, na kwa shahada yangu ya sosholojia nauza mbegu na mbolea katika duka la mtu. Siwezi kusikia jambo nikaliacha bila kulihakiki. Jioni moja nikatafuta kwenye simu: nyuzi za gitaa zibadilishwe baada ya muda gani? Mmoja aliandika miezi mitatu. Mwingine akasema anayepiga kila siku asivushe mwezi. Wa tatu aliapa kwamba za kwake zina miaka na hazina neno. Nikachunguza nani kati yao anauza nyuzi. Ni wale wawili wa kwanza. Hakuna aliyeandika chochote kuhusu gitaa lisilopigwa.

Nyumbani, mbele kidogo ya Kalenga, swali hilo halikuwahi kuwa swali. Baba alibadilisha nyuzi mara moja kwa mwaka, wiki ya kuelekea sikukuu ya mavuno kanisani, maana yeye ndiye aliyepigia kwaya gitaa tangu nipate akili. Alikaa kizingitini, akatoa uzi mnene, akaweka mpya, ndipo akaenda kwa unaofuata. Hakutoa zote kwa pamoja hata siku moja.

"Shingo itashtuka," alisema.

Nilikuwa shule ya msingi. "Mti unashtukaje, baba? Toa zote tuone."

"Huyu," mama alisema akicheka, "siku akifika mbinguni atadai risiti."

Nyuzi kuukuu zilikwenda shambani. Mama alizitengenezea mitego ya fuko kwenye matuta ya viazi vitamu: tanzi la uzi ndani ya njia ya fuko, juu yake kijiti kilichopindwa kama upinde, fuko akipita kijiti kinafyatuka. Mwaka mmoja nyanya zilioza zote, baba hakununua nyuzi. Alizichemsha zile zile kwenye sufuria zitoke jasho na uchafu, akazirudisha. Mama hakupikia sufuria ile mpaka baba alipoisugua kwa jivu mbele yake.

Kiharusi kilimpata sikukuu ikiwa karibu, kwa hiyo mwaka ule nyuzi hazikubadilishwa. Wanakwaya walikuja kumjulia hali. Aliwaambia nyuzi zimechoka, nao wakaitikia, kweli mzee, zimechoka sana. Niliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeangalia mkono. Ulikuwa umelala pajani kwake kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie.

Hatimaye nilikwenda Mbeya mjini kwa muuza vyombo vya muziki, nikamwomba nyuzi nyembamba kuliko zote, zisizohitaji nguvu ya vidole.

"Ni za mtu anayeanza kujifunza?" aliuliza.

"Ndiyo," nikasema. "Anaanza."

Ndani ya basi hesabu yangu ilikuwa rahisi. Ama nyuzi zimechoka, ama si nyuzi. Tukiweka mpya tutajua, na kujua siku zote ni bora kuliko kutojua. Tuliposimama Igawa wauzaji waliinua vitunguu na mchele mpaka madirishani, na mimi nikapapasa pakiti mfukoni. Tulipofika Mafinga, kwenye ukungu, bado nilikuwa na uhakika.

Baba alikuwa kwenye kiti chake sebuleni. "Kamwene, mama," alinisalimu. Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Kamwene, baba. Nimekuletea nyuzi."

Aliigeuza pakiti kwa mkono wa kulia. "Nyembamba hizi."

"Ndiyo. Hazitaki nguvu."

"Nani kakwambia sina nguvu?"

Jikoni mama aliacha kutwanga.

"Weka kabatini," baba alisema. "Nitaziweka karibu na mavuno."

"Mavuno ni mbali, baba. Si umesema zimechoka? Tubadilishe leo."

Aliishusha pakiti pajani. "Wewe unataka kuona nini?"

"Nataka kusikia gitaa."

Ilikuwa kweli kwa nusu tu, na nadhani alijua nusu ipi. Akavuta pumzi, akanionyesha msumari ukutani gitaa linapotundikwa. "Lilete. Anza na uzi mnene. Mmoja mmoja, usilivue lote."

Mchana ule alirudi kuwa yule ninayemfahamu. "Kaza. Kaza tena. Hapo. Unafunga uzi kama unafunga mbuzi wa wizi." Nilipofungua simu inipimie sauti alisema, "Zima hicho. Mimi bado nina masikio." Akaniimbia kila sauti kwa mdomo, nami nikakaza mpaka uzi ukamfuata. Nilipozikwaruza zote sita mlio ulijaa sebule. Mama alitokea mlangoni na unga mikononi, akasimama pale.

Nikamnyooshea baba gitaa. Hakulipokea.

"Nyuzi mpya zinaachwa zilale," alisema. "Zinashuka sauti kwanza. Kesho."

Lilikuwa jambo la kweli. Kila mwaka alizilaza usiku mmoja kabla ya kupiga, na mimi ni shahidi. Nilitafuta uongo ndani yake nisiuone, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Kesho yake alfajiri nilipanda gari kurudi kazini.

Nilipompigia wiki iliyofuata alisema, "Bado zinashuka." Baada ya hapo, "Bado hazijatulia." Nilikwishasoma kwamba nyuzi mpya hutulia baada ya siku chache, na nilikuwa nayo sentensi hiyo mdomoni, tayari. Nikauliza habari za mvua.

Nilianza kuelewa pole pole, nikiwa nimesimama kati ya mifuko ya mbolea, mteja akinisubiri nimtajie bei. Nyuzi kuukuu zilikuwa na kazi pale nyumbani. Maadamu zilizochoka ni nyuzi, mkono ulikuwa haujajaribiwa, na mkono ambao haujajaribiwa ungeweza kuwa mzima. Sasa aliamka kila siku na nyuzi mpya ukutani.

Nilirudi nyumbani wiki ya sikukuu ya mavuno. Gitaa lilikuwa kwenye msumari wake bila uzi hata mmoja. Nilifumba jicho moja nikaitazama shingo kutoka mwanzo hadi mwisho, kama alivyonifundisha mwenyewe. Ilikuwa imenyooka. Haikushtuka.

Nilimkuta mama jikoni anasonga ugali.

"Nyuzi ziko wapi?"

"Nilitoka ibadani Jumapili nikamkuta kizingitini na koleo, anazikata. Namuuliza, ananiambia fuko wamezidi."

"Alijaribu kupiga?"

"Sikuwepo." Alikandamiza mwiko. "Na wewe hukuwepo. Kwa hiyo usiende kumuuliza."

Baba alikuwa shambani, fimbo upande wa kulia, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa koti. Fuko walikuwa kweli wamezidi; udongo mbichi ulikuwa umefukuka kila mahali kati ya matuta. Nilipomkaribia niliona kijiti kilichopindwa, na kwenye ncha yake uzi unaong'aa, haujapata hata doa la kutu.

Tulisalimiana. Hakuzungumzia gitaa. Nilikuwa na maswali, ninayo siku zote, nikayahesabu kichwani moja baada ya jingine na kila moja lilikuwa la kumfanya aseme kitu ambacho mitego ilikuwa imekwisha kusema.

"Nani amekufungia?" niliuliza mwisho, maana matanzi yalikuwa yamekazwa vizuri na kazi ile inataka mikono miwili.

"Mama yako. Mimi nashika, yeye anafunga."

Akachuchumaa kwa shida, akaondoa udongo kuuona mtego uliokuwa mbele yake. Mtupu. Akaurudishia udongo kwa kiganja.

"Huu ni uzi wa tano," alisema. "Nenda pale mwisho ukaangalie kwenye uzi wa kwanza. Ndio mwembamba, ndio unaokamata."

Nikapita kati ya matuta kwenda kuangalia.