Mlio Kooni mwa Fundi

Fundi wa Nyamityobora hashiki spana kabla ya kusikiliza. Huinama juu ya injini, hung'ata mpini wa bisibisi ndefu, ncha yake ikigusa chuma, hufumba macho, kisha huanza kuvuma kooni kwa mlio uleule wa gari. Vénant alimletea teksi yake kutoka Nakivale kwa kuwa ilikosa ralanti, ule mngurumo wa taratibu gari likisimama, ikizimika kila alipoachia mafuta. Fundi akamwashiria azime. Vénant akazima, akachomoa ufunguo, na injini ikaendelea: inapanda, inashuka, inataka kukata roho. Ndipo akaona koo la fundi likitetemeka: mlio ulikuwa unatoka humo. Fundi akaitema bisibisi, akafungua kilango cha hewa na kusugua masizi kwa mswaki wenye petroli, huku bado anavuma, na kadiri alivyosugua mlio ukatulia. "Ralanti imekamata, papa. Washa sasa." Gari likanguruma vilevile, laini.

Jioni Vénant alikuwa ameshaketi ndani mkewe Libérate alipopaza sauti kutoka jikoni: "Baba Ineza, mbona hauzimi gari?" Vénant akautazama ufunguo kiganjani mwake. Akafumba mdomo, na mlio ukakatika.