Bwana Taylor Aliposhindwa Kutamka Darji

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali, huko Tottenham, London, nilipovuliwa jina langu mbele ya watu. Hata leo, mwanangu, nikiikumbuka damu hunichemka.

Tulikuwa tumetoka Mombasa mwaka huohuo, mimi, mama na wadogo zangu wawili, wakati Wahindi wengi wa Kenya walipokuwa wakikimbilia Uingereza kabla sheria mpya haijawafungia milango. Baba, fundi cherehani, alikuwa ameshafariki. Alituachia ufundi wake na jina lake, Darji. Mimi ndiye niliyetangulia kupata kazi, ya kushona kola za mashati kiwandani.

Msimamizi wetu aliitwa Bwana Taylor. Siku hiyo aliita majina, na alipofika kwangu akaangua kicheko.

"Dar... nini? Hili halitamkiki. Kuanzia leo wewe ni Mary."

Wenzangu wakacheka naye. Mimi nikainamisha kichwa, maana nyumba nzima ilikula kwa kazi ile.

Jioni nilimsimulia mama, nikitarajia anipe pole. Akaacha kukoroga mchuzi.

"Na ukaitika?"

"Nikaitika, mama. Ningefanyaje?"

"Mwanamume asiyekuzaa akupe jina, nawe uitike? Kazi tutatafuta nyingine. Baba yako nitamtoa wapi mwingine?"

Mama huyo alikuwa akiogopa hata kuvuka barabara za London. Hilo hakuliogopa.

Kesho yake Bwana Taylor akaita, "Mary!" Nikaendelea kushona. Akaita tena, kisha akaja kunisimamia.

"Huna masikio?"

"Ninayo. Naitwa Darji. Kwetu maana yake ni fundi wa nguo. Na Taylor, kwenu, maana yake ni fundi wa nguo vilevile. Babu zetu walifanya kazi moja, bwana. Mimi lako naliweza. Langu linakushinda nini?"

Uso ukamwiva. Hakunifukuza, maana mashati yalikuwa mengi na mafundi wachache, lakini alinihamishia kwenye pasi za mvuke, nikaungua mikono msimu mzima wa baridi. Darji hakulitamka hata siku niliyoacha kazi. Wasichana wenzangu ndio waliolitamka, mmoja baada ya mwingine, mpaka Mary akasahaulika.

Baadaye bibi mmoja wa maktaba akaniambia kuwa hata hilo Taylor si la Kiingereza kwa asili. Lililetwa na watawala waliovuka bahari wakisema Kifaransa, kutoka neno lao la kukata. Nikakasirika upya! Jina lake lilikuja kwa meli, likapewa karne nyingi za kuzoeleka, na langu likanyimwa hata asubuhi moja.

Sasa nawasikia ninyi vijana mnayakata majina yenu vipande ili wakubwa wa ofisini wasisumbuke. Wanasumbukaje? Mbona majina ya mvinyo wa Kifaransa wanayaweza?

Mwanangu, anayejaribu jina lako akakosea, msahihishe kwa upole, hata mara nyingi. Anayekataa kujaribu, usimwitikie. Nawe ukikutana na mgeni, muulize jina lake na maana yake, ulitamke mpaka atabasamu.

Mungu akujaalie riziki isiyokudai ujikane, na akuzungushie watu wanaokuita jina lako lote, kwa mapenzi.