Pombe ya Lydie na Lango la Papa Télesphore

Katika mtaa mzima wa Nguba hapakuwa na nyumba iliyolindwa kama ile ya Papa Télesphore Mushagalusa, mwalimu wa Kilatini. Yaani kwa upande wa mbele. Mbele palisimama lango la chuma, kijani, refu kuliko mtu aliyepanda kiti, lenye makufuli mawili, makomeo yasiyo na idadi ya maana, na tundu dogo la kutosha jicho moja. Pande tatu zilizobaki zilikuwa na ua wa matete. Matete hayo Télesphore hakupenda kuyazungumzia.

Lango lilizaliwa na vita. Vita ya kwanza ilipoingia Bukavu, mwaka 1996, wenye bunduki walimtembelea mwalimu wakaondoka na televisheni, redio na suruali zake mbili za kufundishia. Waliingia kwa kuruka matete ya nyuma, na walitokea huko huko, wakipokezana mizigo kwa utulivu kama watu wanaohama. Mtu asiyesoma angefikiria matete. Télesphore alitafakari kwa miezi kadhaa, kisha akajenga lango mbele. Lilikamilika muda mfupi kabla ya vita ya pili, na wenye bunduki wa vita ya pili wakapitiliza kwenda kwa majirani waliokuwa na friji. Kwake ushahidi ulikuwa umekamilika: lango liliwatisha.

Ni haki kusema kwamba katika miaka ile hakuna aliyefungua kwa sababu tu amesikia hodi. Ilijulikana kwamba wabaya humtanguliza jirani unayemfahamu, apige hodi kwa sauti unayoifahamu, huku wao wamebana nyuma yake. Kila nyumba ilikuwa na dawa yake. Huyu alifuga mbwa, yule aliweka sufuria kando ya kitanda ili aigonge na mtaa wote uitikie kwa sufuria zake. Télesphore alikuwa na utaratibu.

Na wa kuupitia utaratibu hawakukosekana, kwa kuwa posta ilikuwa imebaki jengo tu na kila kitu kilisafiri mikononi mwa watu: mchele wa shangazi kutoka Luberizi, dawa kutoka Goma, salamu kutoka kila upande. Aliyeleta kitu alitakiwa kusimama mbele ya tundu, ataje jina lake, atokako na alichobeba. Kisha aweke mzigo chini, arudi nyuma mpaka kwenye mfereji wa barabara, na aonyeshe mikono mitupu. Hapo Télesphore alifungua kidirisha kilicho chini ya lango, akapenyeza chuma chenye ndoano alichokitengeneza kwa kitanda kibovu, akauvuta mzigo ndani. Kidirisha kikifungwa, shukrani zilitolewa kupitia tundu, kwa Kifaransa safi. Baada ya hapo mgeni alikuwa huru kurudi kwake na kiu yake.

Mtaa ulimwita Papa Jicho. Maman Constance, jirani wa nyuma, alileta siku moja sahani ya maharage ya moto. Ilipomaliza utaratibu ilikuwa imepoa na ina mchanga. Hakulalamika. Sahani zake ziliendelea kufika mezani, tena za moto, na Télesphore hakujiuliza zinapitia wapi. Aliamini mke wake Eulalie huzipokea langoni yeye akiwa darasani, kwa kufuata utaratibu. Padri Déogratias naye alileta kuku wa Krismasi, akaambiwa amweke chini. Alimweka chini. Kuku, ambaye hakuelezwa habari ya mfereji, alichukua barabara ya kwenda Ruzizi na hakuonekana tena. Padri alicheka. Télesphore alieleza kwamba usalama una gharama.

Mwaka 2000 Lydie, binti yao wa pekee, alipata mchumba. Kijana aliitwa Zagabe, muuguzi wa zahanati huko Idjwi, kisiwani. Alikuwa mpole, na alikuwa amekwisha kuvutwa kitambulisho chake kwa ndoano mara kadhaa bila kununa. Zaidi ya hapo hakuna aliyeweza kumdai ushahidi wa mapenzi. Ikapangwa kwamba Jumapili moja baada ya misa wajomba wake wavuke ziwa na kuleta pombe ya kuomba mke.

Wiki ile Télesphore aligeuza meza ya chakula kuwa darasa. Alimweleza Lydie, ambaye alikuwa ameyajua tangu utotoni, kwamba pombe ya kuomba hutoka mikononi mwa mjomba ikaingia mikononi mwa baba. Haigusi ardhi ya nje. Baba asiyetaka kutoa binti yake hatukani wala hatoi sababu. Huwaambia wageni waiweke pombe chini na warudi nyuma, nao huelewa, huenda zao, na hakuna anayeuliza mara ya pili. Ndiyo hapana ya watu wenye heshima, alisema. Alirudia somo hilo jioni tatu mfululizo, na kila jioni alisikitika kwamba vijana wa leo hawajui mila.

Ziwani, mashua ya Jumapili ya kutoka kisiwani ilichukuliwa na wenye silaha kwa shughuli zao, bila kumuuliza mtu. Wajomba wakapanda ya Jumamosi. Simu ya kumwarifu mwalimu hawakuwa nayo, na kuondoka mapema kwa jambo la heri si kosa. Adhuhuri walisimama mbele ya lango la kijani, wanaume watatu. Eulalie na Lydie walikuwa sokoni, wakinunua vitu vya kuwapokea.

Télesphore aliweka jicho. Tundu lilichimbwa kwa kipimo cha urefu wake, na ndani palikuwa chini kuliko nje, kwa hiyo alichokiona ni vifungo vya makoti matatu mazito. Jua lilikuwa kali. Makoti, jua, na hakuna nyuso: alihisi damu yake ikichangamka.

Aliuliza ni akina nani. Sauti ya mzee ilijibu kwa utulivu.

"Tuko bageni, Papa. Habari yetu tutaisemea mu nyumba."

Mtu wa heshima hapigi kelele ya binti wa watu barabarani. Mwizi naye hasemi shida yake nje. Télesphore aliuliza majina. Mzee akasema jina lake atalitaja akisha kukaa. Aliuliza watokako; hata hilo lingesemewa ndani. Aliuliza wanaleta nini.

"Kitu ya kunywa," mzee alisema.

Wageni wasio na jina, wasio na kwao, wanaoleta kinywaji. Katika mji ambao watu walikuwa wanaogopa sumu kuliko bomu, hilo lilitosha.

"Muiweke chini."

Nje makoti matatu yaligeukiana. Kisha mzee akasema, polepole, kama anayemsaidia mtoto kujisahihisha:

"Papa, hii haiwekwake chini."

"Hapa yote inawekwaka chini. Hata kuku ya padri iliwekwa chini. Na murudie nyuma mpaka ku mufereji."

Mzee aliuliza kama anayesema ni mlinzi au ni baba wa nyumba. Swali hilo lilimpendeza Télesphore; hatimaye mtu alikuwa amegundua kwamba hapa kuna mwenye nyumba.

"Ni miye mwenyewe," alisema. "Baba ya nyumba."

Makoti yakarudi nyuma. Sasa, kwa umbali wa mfereji, jicho likawapata wazima: wanaume watatu wa makamo na zaidi, viatu vimepigwa rangi, na yule mzee akivua kofia kuelekea lango, jinsi mtu anavyoiaga nyumba yenye msiba. Hawakuonyesha mikono mitupu. Waliteremka barabara bila kutazama nyuma.

Télesphore aliingiza ndoano. Kidirisha kilipimwa kwa sahani na kuku. Bidoni, dumu la lita ishirini, haikupita. Akavuta, akasukuma, akavuta. Mwishowe, barabara ikiwa tupu, alifungua makomeo na makufuli, akatoka. Bidoni ilikuwa imezibwa kwa jani changa la mgomba na kuvikwa majani mengine, yamefungwa kwa kamba ya mgomba, kwa mafundo ya ustadi. Harufu ya kasiksi, pombe ya ndizi iliyokomaa, ilimfika puani. Alisimama pale akijua kila kitu. Kujua lilikuwa jambo analolimudu.

Ndivyo walivyomkuta Eulalie na Lydie waliporudi na vikapu. Alijaribu kuanza na tundu na makoti. Lydie hakusubiri afike kwenye jua kali.

"Papa, baliiweka chini?"

"Baliiweka."

"Na ulibaambia barudie nyuma?"

"Ni utaratibu," alisema Télesphore, na hata yeye aliisikia sauti yake.

Lydie alitua kikapu, akaingia chumbani, akafunga mlango wake taratibu. Eulalie aliitazama bidoni, kisha lango, kisha mume.

"Bezi baliruka matete," alisema. "Lango imengoja miaka yote hii, ikafungia mukwe."

Wajomba wangelala kwa Domitille, dada yao aliyekuwa akiuza sambaza, dagaa wakavu wa ziwani, huko Kadutu, na wangevuka asubuhi kwa mashua ya kurudi kisiwani. Baada ya hapo asingekuwako wa kuuliza mara ya pili. Télesphore alikuwa amelifundisha hilo jioni tatu. Kwa hiyo mwalimu wa Kilatini alivaa tai, akajitwika bidoni, akauvuka mji hadi Kadutu, akipanda mlima kwa njia ambayo nusu ya wanafunzi wake huitumia. Walimwamkia kwa heshima. Hakuna aliyecheka mpaka alipopita. Eulalie alimfuata kwa mbali, kama mtu asiyemfahamu vizuri.

Nyumba ya Domitille haikuwa na lango. Haikuwa hata na mlango wa kutajwa, ila pazia la maua, na pazia lenyewe lilikuwa limefungwa fundo ili upepo uingie. Yule mzee, ambaye jina lake lilikuwa Évariste, alikuwa amekaa ndani mbele ya sahani ya sambaza. Télesphore alipiga hodi.

"Karibu, Papa," Évariste alisema. "Tua mzigo."

Alikuwa mpole kabisa, na hilo ndilo lilikuwa baya. Télesphore hakuthubutu kutua. Alisimama kizingitini, bidoni kichwani, akaeleza vita ya kwanza, televisheni, sumu, jirani anayetangulizwa, na upungufu wa tundu. Maelezo yalikuwa marefu na yenye mpangilio. Wajomba walisikiliza, wakakubali kwamba nyakati ni mbaya. Hata kisiwani watu wamelala porini. Kisha Évariste alieleza jambo lake kwa maneno machache. Kosa wamelisikia na kijana wao anampenda binti. Lakini pombe iliyorudishwa mlangoni haipitishwi tena mlango ule ule. Wakifanya hivyo, nyumba ya vijana itabeba ile hapana mpaka wazeeke.

"Nyumba yako iko na mulango ingine?" aliuliza.

Télesphore alifumba macho. Alifikiria miaka ya ujenzi, makomeo, usiku wote aliolala kwa amani kwa sababu ya jibu hili moja.

"Hapana," alisema. "Haina."

"Iko," alisema Eulalie, nyuma yake.

Évariste aliinuka, akampokea Télesphore bidoni kutoka kichwani kwa mikono miwili, akaiweka ndani, juu ya mkeka. Akasema kwamba mashua ya Jumatatu nayo ni mashua.

Jumapili baada ya misa, Télesphore alisimama nyuma ya choo cha nyumba yake, katika suti, mahali ambapo hakuwa amefika kwa miaka. Matete yalikuwa yamefunuliwa na kukunjwa pembeni kama pazia. Njia ilikuwa imekanyagwa mpaka ikang'aa. Palikuwa na jiwe la kupandia, ubao juu ya tope, na gunia la kufutia miguu, ambalo Maman Constance alisema, alipoulizwa, kwamba analifua kila Jumamosi. Alikuwa amesimama upande wa pili na sahani ya maharage yanayofuka moshi. Padri Déogratias alipenya wa kwanza, bila kuangalia anapokanyaga, kama mtu aliyezoea.

Kisha wajomba wakainama mmoja mmoja, kwa makoti yao, wakaingia. Évariste alinyoosha bidoni. Télesphore aliipokea kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani, na Lydie, aliyekuwa amesimama karibu na mama yake kwa nguo ya maua, akaachia pumzi aliyoishika tangu jana. Zagabe hakuwepo, kwa sababu mila haimtaki, lakini alikuwa amevuka pamoja na wajomba, na sasa alikuwa kwa Maman Constance, akichungulia matete kwa jicho moja.

Waliketi, majina yakatajwa, na asili, na shida, kila kitu kama kilivyoahidiwa kusemewa ndani. Kasiksi ilimiminwa. Télesphore alimwinamia mkewe akamuuliza kwa sauti ya chini ile njia ipo tangu lini.

"Tangu ulipomaliza lango," Eulalie alisema. "Batu bangepita wapi?"

Aliitikia kwa kichwa. Évariste alipoinua kikombe kumwombea mwenye nyumba na milango yake yote, kiti cha mwenye nyumba kilikuwa wazi. Walimtafuta, wakamwona uani, mbele, jicho kwenye tundu, mkono ukipapasa makufuli. Yote mawili yalikuwa yamefungwa vizuri.