Sala Yangu Kabla ya Mtihani

Nina wajukuu saba, nilimaliza Fomu Foo, na bado nilijaribu kuiba mtihani.

Tulitakiwa kupita Kiingereza ili tupewe beji za kuongoza wageni katika msitu wa Kakamega. Mwalimu wetu alitupa maneno ya kukoleza sifa: very, extremely, absolutely na ndugu zao wengi. Kwangu yaligoma kuingia. Nikayaandika kwenye karatasi, nikaificha ndani ya kofia, huku nikiwacheka wenzangu waliokuwa wakikariri.

Nilisahau kwamba kwetu mtihani hauanzi bila maombi, na anayeitwa kuomba ni mzee.

"Mzee, tuombee," mwalimu akasema.

Nikasimama mbele, nikavua kofia, nikainamisha kichwa na kumsihi Mungu atuepushe na wezi wa mitihani. Watu wakaanza kukohoa. Nikadhani wameguswa, nikapandisha sauti.

"Mzee," akanong'ona Mama Nekesa wa kiti cha mbele, "hiyo extremely imekaa karibu na sikio."

Jasho lilikuwa limeinatisha karatasi kwenye upara wangu. Mwalimu akaibandua taratibu, akaisoma yote.

"Malizia Amina, mzee," akasema. "Beji utaijia mwaka ujao."