Kola ya Mama Lugano

Fundi cherehani wa Ibighi haivui futi yake shingoni hata kanisani, na watu hudhani ni maringo ya kazi. Kila Pasaka ikikaribia huwapima akina mama wenzake wa kwaya kwa futi nyingine, akitaja namba kwa sauti ya mtu aliyechoka kudanganywa na viuno. Mwaka huu alipofika shingoni kwa Mama Lugano alipima mara mbili, akafungua daftari la mwaka jana, akaketi.

“Kola yako siikati mpaka uende hospitali.”

“Ongeza kitambaa tu, fundi. Baba Lugano anasema ni unene.”

“Unene ukae kooni tu? Mbona kitambi chake hakijapanda huko?”

Wenzao walipomaliza kucheka, akaivua futi ya shingoni mwake. Chini yake kulikuwa na kovu la kisu, limenyooka kama mshono.

“Yangu ilikuwa saratani ya tezi ya shingo. Daktari alisema chembe zake zina vipokezi vya estrojeni, homoni yetu ya kike. Huenda ndiyo maana inatupata sisi kuliko wanaume. Hata ugonjwa unajua nani akiitwa huitika.”

Kisha akakikunja kitambaa cha Mama Lugano, akakikalia, mwenyewe asije akakipeleka kwa fundi mwingine.