Tulivyomzika Mjomba Huku Anatuangalia

Mjomba wangu alizikwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, jua la kiangazi limesimama utosini. Mwenyewe alihudhuria. Alikuwa amevaa kandambili, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anatafuna michembe, viazi vitamu vya kukausha, tuliyomletea.

Naanzia hapo kwa makusudi, maana nikianza na habari za gongo mtasinzia. Kila ukoo hapa Tabora una mlevi wake kama unavyokuwa na shangazi mmbeya. Wa kwetu alikuwa mjomba, kaka yake mama, utingo wa malori. Siku moja alidondoka kutoka juu ya shehena ya pamba karibu na Igunga, akainuka mzima, akajipangusa vumbi, akaenda kusherehekea. Sherehe haikuisha. Ilikwenda miaka mpaka akatapika damu, akalazwa, na daktari akamvuta bibi pembeni: ini limechoka, mama, akirudi kwenye gongo msimlete tena huku, nunueni sanda.

Bibi hakulia. Alimpeleka soba.

Soba ni nyumba wanakoachishwa walevi na mateja. Ya kwetu ipo Isevya, jumba la zamani la udongo lenye kuta nene kama tumbo la diwani. Wazee wanasema mbele ya geti lake ndipo ilipopita njia ya misafara, wapagazi na pembe za ndovu mabegani, wengine kwenda Ujiji, wengine kwenda pwani. Mimi naona barabara ya vumbi tu na mbuzi wasio na adabu. Lakini ndani ya jumba lile, mchana, kuna kimya fulani kisichokaa vizuri. Ni kama darasa ambalo mwalimu kaingia na wewe hujamwona bado.

Mlezi wa nyumba ni Mzaramo. Alikuwa teja Dar es Salaam, akaja kuponea hapa, akabaki. Na sisi ni Wanyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu, na tangu siku ya kwanza yeye na bibi walikuwa wanatukanana kwa mapenzi.

"Karibuni wapagazi! Leo mmebeba nini?"

"Tumekubebea akili, mtani. Tumesikia kwenu zimeisha, zote mmezichezea ngoma."

Kwa asiyejua: msibani kwetu mtani ana ruhusa ambayo hata mchungaji hana. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama yeye, kusema kwa sauti yake, hata kulala kaburini na kugoma kutoka, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao. Mlezi aliichukua mila hiyo akaifanya dawa. Mgonjwa akishamaliza siku zake za kutetemeka, anafanyiwa msiba wa yule mlevi aliyekuwa. Mtani anavaa nguo alizolewea, anamwigiza mbele ya wote, kisha nguo zinazikwa nyuma ya nyumba. Sharti ni moja tu: aigize mtani. Ndugu wa damu haruhusiwi. Bibi alinieleza sababu njiani, tena akiwa amenishika sikio, maana ananijua.

"Mtani akimwigiza marehemu, anamsindikiza. Ndugu akimwigiza, anamwita. Umesikia, mke mwenzangu?"

"Nimesikia bibi. Sikio niachie sasa, bado nalitumia shule."

Koti la mjomba alilibeba bibi, limefungwa kwenye kanga, kalishika mbali na mwili kama mtu anayekwenda kutupa paka aliyekufa. Lilikuwa koti la mtumba la kijivu. Hata lilipofuliwa lilinuka gongo.

Tulipofika, mjomba alikuwa amefunga begi.

"Shikamoo mjomba. Unasafiri?"

"Marahaba mpwa wangu. Narudi nyumbani leo. Mimi mzima. Hawa wenzangu ndio wagonjwa."

Bibi alimtazama mlezi. Mlezi akanyanyua mabega. Geti la soba halimzuii mtu mzima, alishatuambia. Kitu pekee kinachomzuia ni yeye mwenyewe kumtambua yule mlevi anayemkimbia.

Basi msiba ukaanza. Koti lilitandazwa kwenye mkeka, mikono imekunjwa kifuani. Wagonjwa walikaa pembeni kama wafiwa, na sikutegemea, lakini wengine walikuwa wanalia kweli. Mlezi akalivaa, akaanza kupepesuka, akaimba, akaanguka, akaomba kiberiti. Watu walicheka. Mjomba alicheka kuliko wote.

"Huyo nani?" alisema, akichukua begi. "Mtani, huyo mlevi wa Kizaramo. Mimi sikuwa hivyo hata siku moja."

Na alisema kweli! Hapo ndipo tulipokosea wote. Mlezi hakuwahi kumwona mjomba amelewa. Alimpokea akiwa anatetemeka. Mjomba hakuwa mlevi wa kuimba. Alikuwa mlevi wa adabu, na ndiyo maana alitutisha.

Alikuwa anaelekea getini. Nikamwona bibi kashika kanga tupu kwa mikono miwili, anaikunja vizuri, anaikunja tena, kama sanda inavyokunjwa dukani. Nikamvua mlezi koti kabla hajajua anavuliwa, nikalivaa.

"Wee mtoto!" bibi alisema. Lakini hakuinuka kunizuia.

Darasani kwetu naigiza walimu wote, mpaka mkuu wa shule anapopenga kamasi. Naijua kazi hiyo. Nikaenda taratibu, miguu imenyooka mno, kama mtu anayevuka daraja la kamba. Nikafika kwenye nguzo ya baraza, nikainamisha kichwa: "Samahani mzee, naomba nipite." Nikaisubiri nguzo ijibu. Nikaishukuru. Nikapapasa mfuko wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa kushoto tena.

Hakuna aliyecheka. Mjomba alisimama.

Nilitaka kumalizia kwa kubisha hodi, maana ndivyo alivyokuwa akifanya kwetu, kubisha mlango ulio wazi. Nikanyanyua mkono. Lakini maneno yaliyotoka sikuwa nimeyapanga, wala sikuwahi kuyasikia kwake, na sauti ilitokea chini ya kifua changu, mahali ambapo sina sauti.

"Mama, usifunge mlango. Nyuma yangu kuna watu wamebeba."

Begi lilianguka. Baadaye mlezi alituambia kwamba siku za kwanza, mjomba alipokuwa anatetemeka mchana kutwa, alisema sentensi hiyohiyo, kwake yeye peke yake, mlango umefungwa. Alisema anawaona wapagazi wakipita chumbani na kuingia ukutani, na kila mmoja akifika kwake anamwonyesha mzigo usio na mbebaji.

Mjomba alinijia polepole. Hakunitazama usoni, alilitazama koti.

"Bado wanapita?" aliuliza.

Nilikuwa najaribu kufungua vifungo na vidole vilikuwa vinatetemeka kwa mtetemeko ambao haukuwa wangu. Nilitaka kuropoka utani wowote, hata wa kijinga. Haukuja.

Alinifungua yeye, kifungo kimoja kimoja, kama unavyomvua mtoto aliyelala. "Toka humo, mpwa wangu. Humo si mahali pa kukaa." Kisha akageuka: "Mtani, jembe liko wapi? Mzikeni. Mzikeni upesi huyu."

Shimo alilifukia mwenyewe. Bibi alitupa gao la udongo, akasema kwa Kinyamwezi neno ambalo alikataa kunitafsiria. Mlezi alishindilia udongo kwa miguu akijaribu kunitania, eti sasa mimi ni Mzaramo, nikaolewe kwao Kisarawe. Nilicheka kwa heshima.

Jioni ilipokaribia tukaaga. Mjomba alilirudisha begi ndani, akatusindikiza mpaka getini, akasimama hatua moja upande wa ndani. Barabara ilikuwa tupu. Hata mbuzi hawakuwepo, ila vumbi lilikuwa juu, kama watu wengi wamepita sasa hivi.

Mjomba akaliangalia vumbi hilo, akamgeukia mlezi.

"Funga geti, mtani," alisema kwa upole. "Funga wakiwa bado nje."

Komeo likalia. Mimi na bibi tulikuwa nje.