Mtani wa Meneja

Ramadhan hakuwa na cheo chochote katika timu ya Narung'ombe Rovers. Hata mpira wenyewe hakuwahi kuucheza, maana alipofika Dar es Salaam kutoka Tabora alikuwa tayari mtu mzima mwenye mabega ya kubebea magunia, na magunia ndiyo yaliyompa kazi sokoni Kariakoo. Lakini ukienda uwanja wa Mnazi Mmoja Rova wakicheza, ukataka kujua meneja wao amekaa wapi, usihangaike kumtafuta meneja. Sikiliza tu sauti ya Ramadhan. Alikuwa akisimama hatua mbili nyuma ya kiti cha meneja na kumtukana tangu mpira unaanza mpaka refa anapuliza filimbi ya mwisho.

"Uwesu, mtumwa wangu, huyo golikipa umemwokota wapi? Msibani?"

Na mzee Uwesu, bila hata kugeuka, alijibu: "Nyamaza, mpagazi. Nilikununua kwa kibaba cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga."

Watu walicheka wakaendelea kutazama mpira. Hakuna aliyeona ajabu. Ramadhan alikuwa Mnyamwezi, mzee Uwesu Mzaramo wa Kisarawe, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu waliokuja pwani na misafara ya pembe. Mtani hana dogo. Atakutukana mbele ya wakweo, atakuvua kofia barabarani, atakaa kwenye sinia lako bila kukaribishwa, na ukikasirika basi mwenye makosa ni wewe. Mzee Uwesu alimzidi Ramadhan miaka kumi na mitano, lakini katika miaka kumi na moja ya kujuana kwao Ramadhan hakuwahi kumwamkia hata siku moja. Wakikutana, aliyemwona mwenzake kwanza ndiye aliyetukana kwanza.

Mtu asidhani yalikuwa maneno matupu. Mama yake Uwesu alipofariki, Ramadhan alifika msibani kabla ya ndugu wa Kisarawe hawajafika. Akajitanda khanga ya marehemu, akapita uani kwa mwendo wa marehemu, mguu mmoja ukiburura, akawakemea wapishi kwamba wanamaliza chumvi, vilevile kama bibi yule alivyokuwa akiwakemea. Waliokuwa wakilia walicheka, kisha wakalia tena, na safari hii kilio kiliwashuka vizuri. Ndiyo kazi ya mtani.

Na mwaka hamsini na mbili, gunia la vitunguu lilipodondoka kutoka juu ya lori na kumvunja Ramadhan mguu, nani alikuja kila jioni? Uwesu alikuwa karani bandarini. Alikuwa akitoka kazini na vumbi lake la ghala, anapita Kariakoo, anakaa ukingoni mwa kitanda cha Ramadhan na kumtukana nusu saa nzima, kwamba Mnyamwezi asiyebeba mzigo ni sawa na punda wa picha. Akiondoka, Siwema, mkewe Ramadhan, alikuta mkate chini ya mto, au machungwa. Miezi mitatu ilipita hivyo. Na bwana Shashikant, mwenye ghala la vitunguu kule Mchafukoge, alipotaka kuandika hamali mwingine, Uwesu alimfuata dukani akamwambia nafasi ya Ramadhan isiguswe. Bwana Shashikant akasema biashara ni biashara. Uwesu akakaa kwenye benchi la duka mpaka saa ya kufunga, hakuinuka. Nafasi haikuguswa.

"Simtupi mtu wangu," alisema Uwesu, Ramadhan alipomuuliza. Basi.

Neno hilo Ramadhan alilipenda sana alipokuwa kitandani. Mwaka hamsini na sita lilianza kumkera.

Maana Rova walikuwa wanafungwa. Si kufungwa kwa bahati mbaya, kufungwa kwa kuzoea. Golini alisimama Bakili, aliyedaka vizuri mno mwaka walipochukua kikombe, lakini sasa goti lake lilikuwa limekwisha, akiinama kuinuka kwake ni shughuli. Beki wa kulia alikuwa na wajukuu. Vijana wazuri walikaa pembeni na jezi zao safi zisizo na jasho. Kila aliyemshauri meneja awabadilishe alijibiwa lilelile: "Hawa ndio walionipa kikombe. Simtupi mtu wangu." Na Ramadhan, akiona mpira unapita chini ya mkono wa Bakili kama unapita mlangoni kwake, alikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Kisha alikumbuka machungwa chini ya mto, akajisikia mtu mbaya. Kisha goli la pili liliingia, akasahau machungwa.

Siku ya mechi ya nne, wakifungwa tatu, alipayuka: "Uwesu kachoka! Mpeni kigoda, akalinde kuku!"

Uwanja mzima ulicheka. Uwesu naye alicheka, akasema hao kuku itabidi wawe wa Ramadhan, maana wa kwake wanajilinda wenyewe. Mambo yakaishia hapo, au Ramadhan alidhani yameishia hapo.

Baada ya mechi ya saba, siku ya Jumatano, Nassibu alimfuata sokoni. Huyu Nassibu alikuwa katibu wa timu, kijana wa kaskazini, nadhifu, anayeandika barua za Kiingereza kwa ofisi za Posta, na hakuna aliyeweza kusema hana akili. Alimwambia Ramadhan kwamba Jumapili kuna mkutano wa wanachama. Mzee ataondolewa. Kura zipo, zimeshahesabika.

"Na vijana wana wimbo," alisema Nassibu. "Watamtoa na kigoda chake mpaka barabarani, na ngoma. Mimi nimewakataza, hawasikii. Wewe ni mtani wake, hawezi kukukasirikia. Mwambie aache mwenyewe kabla ya Jumapili, tumalize kwa heshima."

"Wimbo gani?"

Nassibu aliona haya kidogo. Aliimba kwa sauti ya chini, katikati ya magunia ya viazi: Uwesu kachoka, mpeni kigoda, akalinde kuku.

Maneno yalikuwa ya Ramadhan, neno kwa neno. Yakitoka kinywani kwake yalikuwa utani, hayana sumu. Yakitoka kwa vijana wasio watani wa mtu, na ngoma juu, yalikuwa matusi, na Mzaramo akishaimbwa mtaani wimbo haufi. Ataimbwa sokoni, ataimbwa harusini, wajukuu wake wataimbiwa shuleni. Siku zile mtu alikuwa radhi kuhama mtaa kuliko kuimbwa.

Alhamisi jioni alimkuta mzee kwenye baraza la timu, akinywa kahawa na wenzake. Ramadhan akaona asizunguke.

"Uwesu, acha timu. Umezeeka."

"Nitaacha," alisema Uwesu, "siku utakayojifunza kula wali bila kuuliza ugali uko wapi."

Baraza lote likaangua kicheko. Ramadhan alijaribu tena, na kila alivyozidi kusema ndivyo walivyozidi kucheka, mpaka muuza kahawa akampa kikombe cha bure kwa kazi nzuri.

Ijumaa alimngoja nje ya msikiti, akamvuta pembeni, pasipo na mtu. Alimwambia polepole kwamba jambo hili ni kweli, si utani.

Hapo ndipo alipojua amejichimbia shimo mwenyewe. "Si utani" ndiyo mbinu yake ya zamani. Mwaka juzi tu alimfuata Uwesu bandarini, uso umekunjamana, akamwambia si utani, nyumba yako inawaka moto. Mzee wa watu alikimbia kutoka bandarini mpaka Narung'ombe na viatu mkononi, akaikuta nyumba yake salama na Ramadhan kibarazani anakula chakula chake. Kwa hiyo Uwesu alimtazama ule uso wa msiba, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mara hii hunipati, mpagazi," alisema, akaenda zake.

Usiku Ramadhan hakula. Siwema alimuuliza ana nini, akamweleza yote. Siwema akasema, "Miaka yote hiyo hujampa hata neno moja la maana. Leo atalijuaje?" Akaondoa sahani.

Ramadhan alijua afanye nini. Alijua tangu msikitini, ila hakutaka. Kumpa mtani wako heshima mbele ya macho yake ni kumwambia utani umekwisha, na ukishaumaliza, sijui kama kuna mtu anayejua kuuanza upya.

Jumamosi, siku ambayo hamali hakosi sokoni hata akiwa na homa, alimpelekea bwana Shashikant salamu kwamba atachelewa. Akavaa kanzu ya Idi na kofia ya kito, akaenda.

Mzee Uwesu alikuwa amekaa kibarazani kwake, mpira wa ngozi mapajani, anaushona palipofumuka kwa sindano kubwa na uzi wa nta. Mpira wa mechi ya kesho kutwa. Alimwona Ramadhan kwa mbali, na kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuona, alitukana kwanza.

"Punda kavaa kanzu. Nani kafa?"

Ramadhan alipanda ngazi. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee Uwesu."

Uwesu alianza kucheka. Alimngoja mwenzake acheke. Ramadhan hakucheka.

"Acha upuuzi, wewe."

"Shikamoo, mzee wangu."

Sindano ilisimama. Mzee alimtazama muda mrefu, kanzu, kofia, mikono, na kicheko kikamtoka usoni taratibu, akaonekana mzee kweli kwa mara ya kwanza. Sura ile ilimuuma Ramadhan kuliko gunia la vitunguu.

"Marahaba," alisema Uwesu. Kisha, "Kaa."

Ramadhan akakaa.

"Lini?"

"Kesho, kwenye mkutano."

"Wana wimbo?"

"Wanao."

"Niimbie."

Ramadhan hakuuimba. Aliyasema tu maneno yale mawili-mawili, macho chini. Uwesu aliyatambua, ilikuwa lazima ayatambue. Akatikisa kichwa.

"Maneno yako hayo."

"Yangu, mzee. Nisamehe."

"Wewe sikusamehe, huna kosa. Wewe ulikuwa na ruhusa." Alichoma sindano, akavuta uzi. "Ila nataka kukuuliza kitu kimoja, na ujibu kama ulivyokuja, na kanzu yako hiyo. Kesho ungenyosha mkono niondolewe?"

Hapa ndipo Ramadhan angeweza kudanganya. Mguu wake uliovunjika ulikuwa mbele yake, umenyooka kibarazani, umepinda kidogo pale ulipounga. Mtu yeyote mwenye shukrani angesema hapana. Lakini mtu aliyemwamkia mwenzake mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja hawezi kumdanganya hapohapo.

"Ningenyosha," alisema. "Nakupenda, mzee wangu, Mungu ni shahidi yangu. Lakini Bakili hadaki tena, na wewe humtoi. Nataka Rova washinde."

Uwesu alimaliza kushona. Alikata uzi kwa meno, akaugonga mpira mara mbili na kiganja kusikia kama umeshika, akaingia nao ndani.

Jumapili vijana walikuja na ngoma zao wamezificha chini ya shuka. Kabla Nassibu hajafungua mkutano, mzee Uwesu alisimama. Akaweka mezani funguo za chumba cha timu, pampu, filimbi, na mpira ulioshonwa. Alisema amewatumikia miaka mingi, amechoka, na angeomba Bakili asitukanwe, maana mwenye kumpanga alikuwa yeye. Hakusema zaidi. Wazee walimpigia makofi, vijana nao wakapiga, wengine kwa aibu. Ngoma hazikutoka chini ya shuka. Wimbo haukuimbwa siku ile, wala haujaimbwa mpaka leo.

Nassibu alishika timu. Akampumzisha Bakili, akawapa vijana jezi, na mechi ya pili tu Rova wakashinda mbili bila, pale pale Mnazi Mmoja. Watu walirukaruka mpaka kamba iliyozungushiwa uwanja ikakatika. Ramadhan alisimama mahali pake pa siku zote, hatua mbili nyuma ya kiti cha meneja. Nassibu ni mtu wa kaskazini, si mtani wake. Alifungua mdomo mara moja, akaufunga.

Filimbi ya mwisho ilipolia, alimwona Uwesu upande wa pili wa uwanja, amesimama kati ya watu kama mtazamaji yeyote, naye anapiga makofi. Ramadhan alikatiza uwanja kwa mguu wake mbovu, akisukuma watu, na alipomkaribia akajikaza, akapaza sauti ile ile ya zamani.

"Uwesu, mtumwa wangu! Nani kakuruhusu utoke bandani?"

Watu wa karibu waligeuka, tayari kucheka. Mzee Uwesu aligeuka pia. Alimpa mkono, mkono wa karani, mkavu na mwepesi.

"Hujambo, bwana Ramadhan," alisema kwa upole. "Tumeshinda leo, tumshukuru Mungu. Bi Siwema hajambo?"

"Hajambo," alisema Ramadhan. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alisema Uwesu, akaenda zake na watu wengine.